Kumpa Teria Kazi

Mbwa teria mchanga akiachwa uani Singida mjini bila shughuli, atajitafutia mwenyewe. Atafukua shina la mpapai, atatafuna kandambili, atamkimbiza jogoo wa jirani mpaka watu wazima wagombane. Wengi huuita ukorofi. Kwangu huo ni ujuzi uliokosa kazi, na nawaheshimu sana wanaojua kuupatia kazi kila siku, maana ufundi wao hauonekani: ukifanikiwa, mgeni huona tu mbwa aliyelala kivulini.

Teria alizalishwa Uingereza kwa ajili ya mashimo. Kasisi John Russell, aliyefariki mwaka 1883, alitumia miaka mingi kuchagua mbwa wadogo wenye ujasiri wa kumfuata mbweha chini ya ardhi na kumbwekea humo mpaka wawindaji wafike. Gizani shimoni bwana hayupo, kwa hiyo mbwa hulazimika kuamua peke yake. Ukaidi tunaoulalamikia ulitafutwa kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi. Nasi tunaishi kati ya majabali, kuanzia Ziwa Singidani hadi Kindai, na shimo la jabali linaweza kuwa na kifutu. Kumfungulia tu akimbie apendako ni kumtafutia kifo.

Pua ndiyo mlango wa kumfikia. Fundi huanza kwa kumwacha mbwa aone dagaa mmoja akifichwa chini ya kopo. Kesho yake makopo huwa matatu. Baadaye dagaa huzikwa ndani ya gunia la magunzi ya mahindi na vichwa vikavu vya alizeti, vitu ambavyo mkoa huu hauna uhaba navyo baada ya mavuno. Mwisho mbwa hufuata harufu njiani, kamba ikiwa ndefu na mwenye mbwa akiwa nyuma, kimya. Robo saa ya kunusa kwa bidii humtuliza kuliko jioni nzima ya kufukuza mpira, kwa sababu mpira humpandisha moto ilhali harufu humlazimisha afikiri. Fundi hodari huacha mchezo mbwa akiwa bado anautaka, kisha humpeleka akalale. Hilo la usingizi husahaulika mno: mbwa mchanga aliyechoka kupita kiasi huuma na kuruka sawasawa na yule ambaye hakushughulishwa kabisa.

Tanzania ina walimu wakubwa wa kazi hii, ingawa wanafunzi wao ni panya, adui wa kale wa teria. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu katika makohozi. Panya akipatia, husikia mlio mfupi, kisha hupata chakula. Baada ya muda mlio wenyewe huwa ahadi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hakufikishwa huko kwa fimbo, na teria naye hahitaji fimbo.

Kuku ndio mtihani wenyewe. Kuku wa kienyeji wa Singida ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, kwa hiyo mbwa afundishwe akiwa kambani, mbali nao kwanza. Kila anapowaacha kuku akakugeukia, apate dagaa wake. Vilevile asizoezwe kuwarukia wapita njia. Jirani Mwislamu aliyekwisha kutawadha na anayewahi msikitini ana haki ya kupita bila kulambwa.

Ndipo huja wazo la mbwa wa pili: wacheze pamoja, nami nipumue. Ningengoja. Mgeni huiga mwenyeji, na kama wa kwanza hubwekea bodaboda, utakuwa na wabwekaji wawili. Watoto wa mbwa wawili kwa mpigo ni wagumu zaidi, kwani husikilizana wao kwa wao. Mbwa wa wafugaji huwa na bahati nyingine: hukua nyuma ya mbuzi pamoja na mbwa mzee anayeijua kazi. Nyumba ya mjini nayo inamhitaji mzee huyo kwanza, na teria huchukua kama miaka miwili kufikia utulivu wa kuigwa.

Wakati ukifika, ningechagua jike wa kienyeji, aliyekomaa, mpole, aliyechanjwa kichaa cha mbwa, badala ya teria mwingine. Wakutane barabarani kabla ya uani, watu wawili na kamba mbili, wakitembea upande mmoja bila kukodoleana macho, hadi miili yao ilegee. Waingie nyumbani pamoja. Vyombo vya chakula viwe mbalimbali, na teria aendelee kupata robo saa yake ya kunusa mkiwa wawili peke yenu, jike akisubiri zamu yake upande wa pili wa mlango.