Singa Kwenye Beseni la Soda

Singa ya mkonge ikishatoka kwenye korona, mashine ya kukwangulia majani, na kuanikwa juani huonekana safi: ndefu, nyeupe, inang'aa. Kwa kamba na magunia inatosha. Fundi anayetaka kuifungia ndani ya plastiki iliyotokana na sukari ya miwa au mahindi, apate bamba jepesi lililo gumu, hauamini weupe huo. Juu kuna nta. Ndani kuna lignini na hemiselulosi, gundi iliyoshikamanisha vijisinga vingi vya selulosi vikawa singa moja. Plastiki ikikutana na uso huo haishiki, kama maji juu ya jani la mgomba. Isitoshe, selulosi hupenda maji na plastiki huyakimbia.

Dawa yake ni kostiki soda, ile ile ambayo Mwingereza John Mercer aliipatia hataza mwaka 1850 kwa kutibu pamba. Kwa mkonge huchanganywa hafifu, mara nyingi chini ya asilimia 10. Ikipungua, nta hubaki. Ikizidi makali au muda, huanza kuila selulosi, na selulosi ndiyo nguvu yenyewe. Fundi huyatazama maji yakigeuka rangi ya chai, huivuta singa moja na kuipapasa. Anataka iwe imekonda kidogo, imeanza kuchanuka, na uso wake unakwaruza.

Kisha ni kusuuza, na kusuuza tena, na asidi hafifu ya siki kuiua soda iliyojificha. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kusuuza, ila mimi kazi ya mtu huipimia hapo. Kukausha nako hakutaki pupa wala uvivu: unyevu ukibaki, plastiki ikiyeyushwa utageuka mvuke na kuacha vitundu.

Wengine huongeza sileni, kemikali ambayo upande mmoja hushika selulosi na mwingine plastiki.

Mwisho, singa zikishafungiwa ndani ya plastiki, bamba huvunjwa makusudi, na mahali lilipovunjikia hutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Mashimo laini yaonyesha singa zilichomoka nzima, hazikushikwa. Singa zilizokatika zikiwa na mabaki ya plastiki zilishikwa barabara. Lakini zikikatika zote, fundi hukunja uso. Singa inayochomoka kwa shida hula nguvu ya pigo. Zikishikwa zote kupita kiasi, bamba hupasuka ghafla. Akiona mashimo machache katikati ya singa zilizokatika, kipimo cha soda hakigusi.