Jina la Mchongaji: Wasifu wa Vasari na Jiwe la Tabaka

Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo kutoka Arezzo, alichapisha mjini Florence kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo wa Italia. Toleo lililopanuliwa lilitoka mwaka 1568. Wanahistoria wa sanaa wamekitumia kitabu hicho kama hazina ya habari, na mara nyingi wamekilaumu kwa makosa yake ya tarehe. Makala haya yanakichukulia kama kazi ya fasihi. Swali linalochunguzwa ni hili: je, umaarufu wa wasanii wa Mwamko wa Ulaya ulitokana na mikono yao peke yake, au pia na utanzu wa wasifu uliowabeba? Swali hili lina uzito wa pekee kwa wachongaji wa jiwe la Kisii, ambao kazi zao zimeenea duniani ilhali majina yao, isipokuwa machache, hayajulikani.

Kwa upande wa fani, Vasari ameigawa historia katika enzi tatu, kwa kufuata umri wa mwanadamu. Giotto na wenzake ni utoto. Masaccio, Donatello na Brunelleschi ni ujana. Leonardo, Raphael na Michelangelo ni ukomavu. Huu ni msuko, wala si orodha ya matukio tu. Kila mhusika humtengenezea njia anayemfuata, hadi afike shujaa mkuu, Michelangelo. Kitovu cha msuko huo ni Florence, na wachoraji wa Ulaya ya Kaskazini hupewa nafasi finyu.

Kisa kimoja chafichua kiini cha kitabu. Vasari asimulia kwamba Michelangelo aliwasikia wageni wa Lombardia wakimpa mchongaji mwingine sifa ya sanamu ya Pietà. Usiku akajifungia humo na kuchonga jina lake katika ukanda upitao kifuani mwa Bikira Maria. Jina hilo lingalipo, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoitia sahihi. Kama kisa chenyewe kilitukia au hakikutukia si hoja ya mhakiki wa fasihi. Kilicho muhimu ni hofu inayodhihirika humo: kwamba kazi isiyo na jina itahesabiwa kuwa ya mwingine.

Huko Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hofu hiyo imekuwa hali ya kawaida. Vinyago, sahani na sanamu za jiwe la sabuni huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo kwa jina la jiwe, si la mtu. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ni miongoni mwa wachache waliovuka mpaka huo. Msomaji wa Vasari angeweza kuhitimisha kwamba Abagusii hawakukosa wasanii, bali mwandishi. Hitimisho hilo ni kweli nusu.

Nusu ya pili ni kwamba wasifu wa aina ya Vasari huficha kama unavyofichua. Picha ya Ubatizo wa Kristo ilitoka katika karakana ya Verrocchio, na Leonardo, kijana aliyekuwa akijifunza humo, ndiye aliyechora malaika mmoja. Vasari aigeuza kazi hiyo ya ushirika kuwa shindano: mwalimu ashindwa na mwanafunzi, asiguse tena rangi. Mtindo huu ukihamishiwa Tabaka utaleta dhuluma. Huko wanaume huchimba jiwe kwa sururu, mchongaji hulipa umbo kwa panga, patasi na kisu, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji kisha wakalipaka nta. Ung'avu unaomvutia mnunuzi ni kazi ya wanawake hao. Jina moja likiandikwa, wao wanapotea. Hata Vasari alipompa Properzia de' Rossi wa Bologna wasifu wake, alimsimulia kama ajabu ya jinsia yake.

Njia nyingine ilionyeshwa na Karel van Mander, aliyechapisha mjini Haarlem mwaka 1604 maisha ya wachoraji wa Uholanzi na Ujerumani. Aliazima utanzu wa Vasari bila kuukubali mpaka wake. Katika Kiswahili, Shaaban Robert aliuthibitisha uwezo wa utanzu huo alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad. Hata hivyo, unaohitajika Kisii ni wasifu wa karakana, wenye wahusika wengi, uliokusanywa kwanza kwa Ekegusii, lugha ya kazi yenyewe na ya jamii nzima ya Kisii na Nyamira.

Jambo hili halistahili kuahirishwa. Kuba la kanisa kuu la Florence, lililojengwa na Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, liliacha madaftari ya malipo. Kwayo wanahistoria wameweza kuwarejesha mafundi ambao Vasari hakuwajali. Kumbukumbu ya Tabaka, kwa sehemu kubwa, imo vifuani mwa wazee. Mzee akifa, hakuna daftari la kufunguliwa baada yake. Idara za fasihi zinazokusanya ngano na nyimbo za Abagusii zina wajibu wa kuwasikiliza pia wachimbaji, wachongaji na wasuguaji, na kuwaandika kwa majina yao, wote pamoja.