Kukisubiri Kiharibike

Kifaa kilichokufa kabisa hakimsumbui fundi. Umeme unaingia upande mmoja, unapotelea mahali fulani, na kati ya hapo pana bodi isiyozidi upana wa kiganja. Ataufuata kwa mita, sehemu kwa sehemu, hadi aone unapokomea. Kinachompima fundi ni kile kinachopiga vizuri siku kadhaa, kisha usiku mmoja kikakata sauti ya sikio la kushoto katikati ya wimbo, na kikarudi chenyewe kabla mwenye nacho hajainuka kitini. Kikipelekwa kwa fundi kinaimba kutwa nzima bila kasoro, na mteja anabaki anaona haya, kana kwamba amesema uongo.

Amplifaya ndogo ya hedifoni, ile ya kuwekwa mezani yenye DAC, yaani kigeuzi cha tarakimu, ndani yake, ni bingwa wa vituko hivi. Hupokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila sikio ikiwa muziki ni wa kiwango cha CD, na kuzigeuza ziwe mawimbi ya umeme. Kisha huyapa mawimbi hayo nguvu ya kusukuma hedifoni nzito ambazo simu haiziwezi. Wanaoinunua ni watu wa masikio: watayarishaji wa muziki wenye studio za chumbani, wahariri wa vipindi vya redio, wapenzi wa taarab ya zamani wanaotaka kumsikia mpiga kanuni akigusa uzi. Mkwaruzo ambao mtu mwingine asingeujali huwanyima usingizi.

Nawapenda mafundi wa vifaa hivi kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalioni kuwa ni ufundi: wanajua kujizuia. Pasi ya kulehemu imeshapata moto, kifuniko kimeshafunguliwa, na fundi hagusi kitu.

Kwanza anauliza.

"Inakatika masikio yote mawili, au moja?"

"Moja, fundi. La kushoto."

"Ukiwa umeiwasha muda gani?"

"Sijui, kaka. Inajiamulia."

"Haijiamulii. Ikikatika, ukiongeza sauti inarudi?"

Maswali haya yana shabaha. Ndani ya waya wa USB, sauti ya kushoto na ya kulia husafiri pamoja, katika pakiti zilezile. Yakikatika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, hasa kwa mlio mkali mfupi, fundi anaelekeza macho kabla ya pale njia zinapoachana: waya wa USB, tundu la kompyuta, programu, saa ya kielektroniki inayopanga sampuli, au umeme wa kifaa kizima. Likikatika moja tu, kompyuta karibu imeachiwa huru. Kosa liko baada ya njia kuachana, huku kwenye viungo vya lehemu, kitasa cha sauti, rilei na tundu la hedifoni. Kwa swali moja nusu ya mashine imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na hakuna skrubu iliyolegezwa.

Swali la kuongeza sauti lina ujanja zaidi. Amplifaya nyingi za aina hii zina rilei, swichi ndogo ya sumaku, inayoziunganisha hedifoni sekunde chache baada ya kuwasha. Huo ndio mlio wa "tak" unaosikika. Kazi yake ni kuyakinga masikio na mshtuko wa kuwasha na kuzima. Ncha za rilei zikipata kutu nyembamba, mawimbi madogo ya muziki wa sauti ya chini hushindwa kupenya, na sikio moja hufifia au hunyamaza. Ukipandisha sauti ghafla, umeme hupata nguvu ya kuitoboa ile kutu na muziki hurudi, mpaka wakati mwingine. Kwa hiyo mteja akisema, "Ndiyo, nikipandisha inarudi," fundi anatikisa kichwa tu. Bado hajafungua kitu, ila anajua pa kuanzia.

Upande wa kompyuta nitaupita upesi, maana raha yake ni ndogo. Unabadilisha waya wa USB, kisha tundu la USB, kisha unazima ule utaratibu wa kompyuta wa kubana umeme wa matundu yake, kisha unaongeza akiba ya sampuli kwenye programu ya kuchezea muziki. Kimoja kwa wakati, na kati ya kimoja na kingine unasubiri kwa muda mrefu kuliko ule ambao kosa huchukua kujitokeza. Hapo ndipo wengi huharibu. Mtu hubadilisha vyote kwa mkupuo mmoja, kosa likatoweka, naye akafurahi. Likirudi baada ya mwezi hana alichojifunza.

Mbali na kukatika ipo ngurumo, nayo ndiyo inayodai sikio lililofunzwa. Umeme wetu wa majumbani una hertzi 50, na ngurumo inayotokana nao moja kwa moja ni nzito, chini kabisa ya gitaa la besi. Umeme huohuo ukishapita kwenye diodi nne za kuunyoosha, mabaki yake huwa ya hertzi 100, okteva moja juu, na yana ukali wa nyuki. Fundi anayezitofautisha kwa sikio anajua kama atafute kosa nje au ndani. Ile nzito mara nyingi huletwa na mzunguko wa eathi: amplifaya imepata eathi kwa njia moja, laptop kwa njia nyingine kupitia chaja yake, na waya wa kati umegeuka mtaro wa umeme usiotakiwa. Chomoa chaja, iache laptop itumie betri. Ngurumo ikinyamaza, kesi imekwisha. Dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au kuweka kitenganishi kwenye njia ya USB. Wapo wanaokata mguu wa eathi kwenye plagi, na kweli ngurumo huisha, lakini kisanduku cha chuma kinachoshikwa kwa mkono kinabaki bila kinga siku waya wa moto utakapokigusa kwa ndani. Huo si ufundi, hata kama umefanya kazi.

Ile ya hertzi 100 hupeleka jicho kwenye kapasita za kuchuja umeme. Hizi zina kimiminika ndani, na joto hukimaliza polepole. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, umri wake huongezeka mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 za Selsiasi, ikikaa kwenye nyuzi 65, itafikia kama saa 32,000. Kwa kifaa kisichozimwa hiyo ni miaka mitatu na ushee. Ikisogezwa mbali na kipoza joto mpaka ikae kwenye nyuzi 55, umri unafika miaka saba. Ndiyo maana fundi akifungua kifuniko hutazama kapasita ipi inapakana na chuma cha moto, hata kama kichwa chake hakijavimba. Na ndiyo maana amplifaya iliyofichwa nyuma ya kompyuta, katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili, haiishi umri wa mwenzake aliye kwenye baridi.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa. Kosa limeshajulikana ni la sikio moja, ncha za rilei zimepimwa, ni safi. Fundi anachukua kijiti kikavu cha mshikaki, kwa sababu mti haupitishi umeme, anavaa hedifoni za bei rahisi, anaacha muziki uendelee na kuanza kugusa. Anagonga kapasita hii, anasukuma mguu wa chipu ile, anabonyeza pembe ya bodi. Mkono wake ni mwepesi kwa makusudi, kwa kuwa ukigonga kwa nguvu bodi nzima inatikisika na kila kitu kinaonekana kuwa na hatia. Kosa lisipotokea analitengenezea hali ya hewa: anapuliza hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele upande mmoja, halafu anapuliza kopo la baridi juu ya chipu moja peke yake. Vyuma hutanuka na kusinyaa, na ufa usioonekana unapata nafasi ya kufunguka. Ghafla sikio la kushoto linanyamaza. Anagusa tena, linarudi. Anagusa, linanyamaza.

Uso wake wakati huo ni uso wa furaha. Mteja aliyesimama pembeni anaona kifaa chake kinaharibika. Fundi anaona kwamba sasa kosa linamtii. Kosa unaloweza kuliita likaja limeshatengenezeka, kilichobaki ni mikono.

Chini ya lenzi mara nyingi hukuta kitu kidogo mno: mduara mwembamba kama unywele kuzunguka mguu mmoja wa tundu la hedifoni. Tundu hili hubeba mzigo ambao sehemu nyingine hazibebi. Plagi ya milimita 6.35 ni wenzo. Kila waya ukivutwa pembeni, lehemu ndiyo inayopokea nguvu. Tena tangu tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, viwanda vimekuwa vikitumia lehemu ya bati yenye kiwango cha juu cha kuyeyuka, ambayo mafundi wengi wa zamani huilalamikia. Fundi hachovyi lehemu mpya juu ya ile ya zamani. Anainyonya yote, anasafisha, anatia flaksi, anapasha mguu na shaba kwa pamoja, kisha analisha waya wa lehemu mpaka ikae imeinama pande zote. Sekunde chache. Anayedharau kazi kwa kuwa ni ya sekunde chache angepaswa kulipia saa za kijiti.

Kwa wanaotaka kujifunza ufundi huu, mwalimu mzuri ni kifaa kiitwacho O2. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy alitoa bure michoro ya amplifaya hiyo ya hedifoni pamoja na vipimo vyake, akitaka kuonyesha kwamba sauti safi haihitaji bei ya kutisha. Mwaka uliofuata akanyamaza, na hajajitokeza tena hadharani. Kilichobaki ni maelekezo yake ya ujenzi, na yamejaa subira. Pima umeme wa chanya na wa hasi kabla ya kuweka chipu. Weka chipu, pima tena. Pima kama kuna umeme mnyoofu, yaani DC, kwenye tundu la kutokea kabla ya kuchomeka hedifoni yoyote, na utakayoanza nayo iwe ya bei rahisi. Hofu hiyo ina msingi: volti 4 za umeme mnyoofu kwenye hedifoni ya ohmu 32 ni nusu wati isiyopumzika, ilhali muziki wa kawaida hutumia miliwati chache tu. Koili huungua kimya kimya.

O2 pia inaonyesha jinsi maarifa ya jumla yanavyoweza kukupotosha. Inakula umeme wa AC kutoka kwenye adapta yake. Nusu moja ya wimbi inalisha upande wa chanya, nusu nyingine upande wa hasi. Ukiichomeka adapta ya DC, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye kila droo, upande mmoja unakosa chakula. Ndani yake kuna kilinzi kinachokata pande zote mbili kikiona mmoja umepungua, kwa hiyo kifaa kinaonekana kimekufa wakati kinakulinda. Na kwa kuwa kila upande unapata nusu moja tu ya wimbi, mabaki ya umeme usiochujwa vizuri ni ya hertzi 50, si 100. Fundi anayetegemea sikio peke yake ataitafuta eathi ambayo haina kosa. Anayeusoma mchoro kwanza hatapotea.

Baada ya matengenezo, kifaa hakirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Kinawashwa kikiwa kimefunikwa, kwa joto lake la kawaida, kwa muda mrefu kuliko ule ambao mteja alisema kosa huchukua kutokea. Hutumika adapta ya mteja mwenyewe na waya wake mwenyewe, maana si mara moja amplifaya nzima imefunguliwa na kufungwa huku mkosaji akiwa ni waya wa USB uliobaki nyumbani.

Zipo pia kazi ambazo kijiti, moto na baridi vyote vimeshindwa, na kosa halikuonekana hata mara moja. Fundi wa kubahatisha atabadilisha kapasita zote, apake lehemu kila kiungo, aandike bei na kuomba Mungu. Huyu ninayemsifu hufunga kifuniko bila kugusa lehemu hata moja, akabandika karatasi juu ya kisanduku: "Haijaonekana." Hamtozi mteja zaidi ya muda wa kuangalia, na anampa kazi ya kwenda nayo. Ikikatika tena, andika ni saa ngapi, sikio gani, imewaka kwa muda gani, na kama friji au pampu ya maji ilikuwa imewaka. Usiipige kofi. Usiizime. Nipigie ikiwa bado imekatika.