Stendi ya Maiki Huuzwa kwa Bomba, Hufia Kwenye Kiungo

Mkazi wa Elerai hahitaji kwenda mbali kuona stendi ya maiki ikishindwa kazi. Kata hii ya magharibi mwa jiji la Arusha haina ukame wa ibada wala sherehe, na ifikapo mwisho wa wiki spika huwa zimeshatolewa nje mapema. Ubeti wa kwanza hupita salama. Kwenye wa pili mkono wa stendi huanza kuinama taratibu, mwimbaji naye anaufuata kwa kukunja magoti, huku fundi mitambo akichungulia kutoka nyuma ya mixa. Mwishowe hutokea kijana na solotepu. Stendi ikishafungwa solotepu, ujue safari yake ya kwenda stoo imeanza.

Wanunuzi wengi, hasa kamati za kwaya zilizotumwa na bajeti ndogo, huipima stendi kwa macho: rangi inang'aa, bomba ni nene, miguu imetanuka vizuri. Wanachokipima si kinachokufa. Shure SM58, maiki iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo mpaka leo ndiyo sura ya maiki vichwani mwa watu wengi, ina uzito wa gramu 298. Ukijumlisha kibanio chake na kipande cha waya kinachoning'inia, haifiki hata nusu kilo. Hakuna bomba la chuma, hata lile jembamba la bei ya chini kabisa, litakaloshindwa kubeba nusu kilo. Stendi hufia pale vipande viwili vinapokutana.

Na pa kuanzia ni pale juu, mahali mkono wa mlalo unapobanwa kwenye bomba la wima. Mkono ukiwa umevutwa hadi sentimita 75 na maiki ikiwa kwenye ncha, nusu kilo ile haibaki kuwa nusu kilo. Kiungo kinabanwa na visahani viwili vinavyosuguana, na ukingo wa visahani hivyo uko sentimita mbili hivi kutoka katikati. Nusu kilo mara 75, gawa kwa mbili: karibu kilo 19 zinavuta kwenye ukingo wa kisahani kisichozidi ukubwa wa sarafu chache. Hapo bado uzito wa mkono wenyewe. Kisahani kikiwa cha plastiki laini hulika, fundi hukaza zaidi, plastiki inazidi kulika, hadi siku skrubu inapozunguka bila kushika chochote. Stendi nyingi za bei ya chini huanza kufa kwa namna hiyo, na aliyezikaza kwa nia njema ndiye aliyeziharakisha.

Wajerumani wa König & Meyer, kampuni iliyoanzishwa Wertheim mwaka 1949, wamejenga jina lao karibu lote juu ya kiungo hiki. Stendi yao iitwayo 210/9 si kitu cha kustaajabisha ukiiona: miguu mitatu inayokunjwa, bomba la chuma linalopanda kutoka sentimita 90 hadi takribani 160, na mkono wa kuvuta. Ina uzito wa kilo tatu na ushee. Tofauti iko ndani, kwenye vibanio vya chuma badala ya plastiki, na kwenye uamuzi wa kibiashara ambao mnunuzi wa Arusha anapaswa kuutazama kuliko hata chuma chenyewe: vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Raba ya mguu ikipotea, unanunua raba. Kikaza kikivunjika, unaagiza kikaza. Huko Ulaya bei ya stendi hii hununua kama tatu za kawaida, na usafiri na ushuru vikiongezwa pengo hukua. Lakini zile tatu za kawaida, kiungo kikivunjika, hugeuka kuwa mabomba matatu.

Kiungo cha pili kwa kufa ni kile cha katikati, kinachoruhusu bomba la juu kupanda na kushuka ndani ya la chini. Mwathirika wake maarufu kuliko wote ni mtu wa kwetu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na simulizi inayorudiwa mara nyingi ni kwamba siku za mwanzo za uimbaji wake Uingereza stendi yake ilikatika akiwa jukwaani, yeye akaendelea kuimba na nusu ya juu mkononi. Akaipenda. Ndiyo nusu ile iliyoonekana Wembley tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid. Kwake ilikuwa alama ya biashara. Kwa mwalimu wa kwaya ni hasara tupu.

Kuanguka ni jambo jingine, nalo halina uhusiano na ubora wa kiwanda peke yake. Stendi ya miguu mitatu haina nguvu sawa pande zote. Chukua mguu unaotoka sentimita 34 kutoka katikati. Mkono ukielekezwa juu ya mguu huo, stendi itapinduka kwa kuegemea ncha yake, sentimita 34 kutoka bombani. Ukielekezwa kwenye uwazi kati ya miguu miwili, mstari wa kupindukia unasogea ndani hadi nusu yake, sentimita 17. Hesabu inafuata yenyewe. Stendi nyepesi ya kilo 1.8 inajishikilia kwa 1.8 mara 17, yaani 30.6, wakati maiki iliyo sentimita 75 nje inavuta kwa 0.5 mara 58 (75 toa 17), yaani 29. Imenusurika kwa uzi, na mtu akigusa waya tu iko chini. Geuza mkono juu ya mguu: upande wa stendi unakuwa 61.2, upande wa maiki 20.5. Stendi ni ileile, fedha haijaongezeka hata shilingi. Inashangaza jinsi jambo hili dogo linavyopuuzwa, hata na mafundi mitambo wazoefu.

Sasa turudi mtaani. Arusha si jiji la kukosa mafundi: kuanzia kata ya Unga Limited hadi kwenye vibanda vya kuchomelea vilivyotapakaa kila kata, mageti, fremu za magari ya watalii na majiko hutengenezwa na kufufuliwa kila siku. Swali la kumuuliza muuza duka, basi, ni hili: kikivunjika, fundi wa hapa ataweza?

Bomba la chuma ataliweza asubuhi moja. Mguu uliopinda utanyooshwa kwa nyundo. Lakini kile kitako kinachoshika miguu mitatu, hata kwenye stendi nzuri, mara nyingi ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 385 hivi za sentigredi, ilhali chuma hungoja hadi karibu 1,500. Ikiguswa na moto wa kuchomelea hudondoka kabla fundi hajapata pa kuunga, na moshi mweupe unaotoka humpa mvutaji homa ya usiku kucha. Plastiki ndiyo kabisa. Kwa hiyo kitako cha zinki ni cha kukaguliwa dukani kwa makini kuliko kitu kingine: kama kina ufa mwembamba pale miguu inapoingia, au kama kimefungwa kwa ribiti badala ya skrubu, kirudishwe rafuni. Ribiti ikilegea haina pa kukazwa.

Kuna njia nyingine ambayo kamati nyingi hazifikirii, ya kutengenezesha. Stendi iliyonyooka, isiyo na mkono, ni bomba na uzito chini yake. Sahani ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 30 na unene wa milimita 10 ina uzito wa kilo tano na nusu, zaidi ya stendi nyingi za dukani zikiwa nzima. Diski ya breki iliyochoka, ambayo gereji hukusanya kwa ajili ya vyuma chakavu, inafanya kazi hiyohiyo na tayari ina tundu katikati.

Kazi hii huharibikia juu, kwenye uzi. Vibanio vya maiki vina nyuzi za aina mbili: ya Kimarekani, inchi 5/8 yenye meno 27 kwa kila inchi, na ya Ulaya, inchi 3/8 yenye meno 16. Ile ya kwanza haipatikani kwenye duka lolote la bolti, kwa sababu bolti za kawaida za inchi 5/8 zina meno 11 au 18. Ya pili ipo: bolti ya tatu kwa nane ya meno 16 huchomelewa kwenye ncha ya bomba, kichwa kikiwa kimekatwa, na kibanio hukaa. Fundi asiyeambiwa ataweka bolti ya milimita 10, ile inayofunguliwa kwa spana namba 17, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Itaingia mzunguko mmoja kwa kulazimishwa, kisha itakwama na kula uzi wa shaba wa kibanio. Mteja mwerevu huenda kwa fundi na kibanio chake mfukoni.

Kitako cha duara kina sifa nyingine inayopendeza kwenye harusi. Wageni wanapokwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, wanakwenda wakicheza, wamevaa magauni marefu, macho yako kwa mwimbaji; miguu mitatu iliyotanuka sakafuni ni mtego. Sahani ya duara haimkwazi mtu. Ila haifai kila mahali. Kwenye jukwaa la mbao, kwaya inaporuka kwa mtindo wa Kimaasai, kishindo hupanda kutoka ubaoni kupitia chuma hadi kwenye maiki, na spika zinatoa mvumo ambao si wa ngoma. Miguu mitatu yenye raba nzima hukata sehemu kubwa ya kishindo hicho. Mwenye sahani ya duara abandike chini yake duara la mpira wa tairi.

Mpira wa tyubu nao, ukikatwa kwa mkasi, ni tiba ya muda ya kisahani kilicholika kwenye kiungo cha mkono.

Hali ya hewa nayo ina ushauri wake. Stendi zinazofanya kazi Unguja, kwenye majukwaa kama ya Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, huliwa na chumvi ya bahari. Kromu hupata madoa ya kutu haraka, na rangi nyeusi ya unga huvumilia zaidi. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, haina chumvi hiyo. Ina vumbi la udongo wa volkano, laini kama unga wa sembe, ambalo kiangazi huingia ndani ya kikaza cha katikati na kukwaruza bomba kila linapopandishwa. Dawa yake ni kitambaa kikavu. Wanaopaka grisi ili bomba liteleze vizuri hupata walichokitaka: linateleza lenyewe, maiki ikiwa juu.

Dukani, jaribio la maana linachukua dakika chache. Vuta mkono wote, ulaze sambamba na sakafu, kaza kwa vidole bila kutumia nguvu za kiganja, ning'iniza chupa ya maji ya nusu lita kwenye ncha, kisha uulize bei za vitu vingine. Mkono ukiwa umeinama ukirudi kuutazama, hakuna punguzo litakaloufanya unyooke. Muuzaji akikataa chupa, nenda duka la pili.

Kwaya yenye fedha za stendi nne nzuri za mkono kwa kawaida haihitaji nne. Maiki zikisogezwa karibu karibu huokota sauti ileile mara mbili na kuifanya iwe nyembamba. Mafundi hutumia kanuni ya kuziachanisha mara tatu ya umbali kutoka maiki hadi mdomoni. Maiki iliyo mita moja mbele ya waimbaji inataka jirani yake awe mita tatu pembeni, kwa hiyo safu ya mita sita hutoshwa na mbili. Stendi mbili zenye mkono, za chuma na zenye vipuri, zisimame mbele ya kwaya. Mbili za diski ya breki, kutoka kwa fundi wa mtaani, zibaki kwa mchungaji na mshereheshaji, wasiohitaji mkono. Fedha iliyookolewa iende kwenye vibanio vya akiba na vile vipete vya kubadilisha uzi kutoka 3/8 kwenda 5/8, ambavyo hupotea kuliko kitu kingine chochote katika sanduku la fundi mitambo.