Sentimita 16 za Kumtambua Parvo

Mtamba wa nguruwe anapozaa Tiira, upande wa Uganda wa Busia, mambo yanaweza kuonekana hivi: mama hana homa, machicha anayafakamia kama jana, lakini katika mzao wamo watoto watatu tu walio hai. Wengine ni vijusi vya kahawia, vikavu kama ngozi iliyoanikwa, kimoja saizi ya kidole gumba, kingine urefu wa kiganja. Lawama huangukia dume la jirani au jicho baya. Kabla hamjazika, naomba rula.

Kirusi cha parvo humwingia mama kwa mdomo na pua kutoka kwenye kinyesi na uchafu wa uzazi, au kwa mbegu za dume. Siku 10 hadi 14 baadaye huwa kimevuka kondo la nyuma. Hakiwezi kuzaliana ila ndani ya seli inayogawanyika, na kijusi kimejaa seli za namna hiyo. Mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi. Kirusi kikiingia kabla ya siku 30, mwili wa mama hufyonza kilichokufa; akirudi joto, huitwa tasa. Kati ya siku 30 na 70 mifupa imeshaanza kukaza, basi kijusi hukauka kikabaki humohumo. Baada ya hapo kinga ya mtoto mwenyewe imeamka, na wengi hupona.

Saizi hutofautiana kwa sababu kirusi hutambaa kutoka kijusi hadi kijusi, siku kwa siku. Pima toka utosini hadi shina la mkia: kijusi cha siku 70 hufika sentimita 16 au 17. Ukikuta vifupi kuliko hapo, vimepishana ngazi kwa ngazi, mshuku parvo kwanza. Homa ya nguruwe ya Afrika, yenyewe, humwangusha hata mama. Vijusi hivyo vifupi ndivyo vya kupeleka maabara, vikiwa kwenye barafu. Na damu ya mtoto aliye hai ichukuliwe kabla hajanyonya dang'a. Kondo la nguruwe halipitishi kingamwili za mama, kwa hiyo zitakazoonekana amezitengeneza mwenyewe, tumboni. Ushahidi huu naupenda kuliko wote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta dalili za parvo katika damu ya nguruwe wa Lira na Masaka. Huku Busia na Tororo, dume moja huzungushwa nyumba nyingi, na nguruwe walioachiliwa hawajui mpaka. Chanjo ipo, ila ichomwe kabla ya kupandisha. Asiyeipata amchanganye mtamba na majike wakongwe wa boma lake wiki kadhaa kabla ya dume. Kinyesi cha kwa jirani asikiguse, maana homa ya nguruwe huja nacho. Banda alimozalia likwanguliwe, liloweshwe dawa ya klorini: parvo huweza kukaa humo miezi minne, akimsubiri mtamba mwingine.