Jina Limeshakata Kesi

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Dedan Kimathi ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1976, na jina lake lilitaja kesi, yaani jambo ambalo bado liko mbele ya hakimu. Ilipofika kwenye Kiswahili ikaitwa Mzalendo Kimathi. Kesi ikatoweka kwenye jalada. Msomaji wa Kiswahili anakabidhiwa hukumu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Zamani nilimlaumu mfasiri. Siku hizi naona alisema wazi kile ambacho waandishi walikuwa wameshakiamua.

Nao walikuwa na sababu. Serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi, lakini Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililomfikisha kitanzini tarehe 18 Februari 1957 lilikuwa la kupatikana na bastola. Lile neno zito lilifanya kazi yake nje ya mahakama, magazetini na kwenye hotuba. Gaidi, kwa wazee wetu, alikuwa mnyang'anyi anayevizia watu njiani. Mtu wa namna hiyo haulizwi anadai nini. Inajulikana anataka mali yako. Ukimwita hivyo mtu anayedai ardhi, umeshalifuta dai lake. Tamthilia inalirudisha: Kimathi anatembelewa seli na wenye fedha na wenye mamlaka, anashawishiwa, anakataa, na kila anapokataa tunasikia sababu.

Tena iliandikwa wakati ambapo sifa hizo hazikuwa na faida. Kenyatta alikwishaifananisha Mau Mau na ugonjwa, na marufuku ya mwaka 1950 haikuondolewa hadi 2003. Fikiria: miaka 40 ya uhuru, na chama cha Kimathi bado ni haramu! Sanamu yake Nairobi ilisimamishwa mwaka 2007.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo neno mzalendo linanikwama kooni, nako ni Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za watu walioshirikiana na serikali na kuzichoma wenyewe wakiwa ndani. Wengi waliokufa ni wanawake na watoto. Usiku huohuo na siku zilizofuata, askari wa serikali na walinzi wa vijiji waliwaua watu waliowashuku kuwa upande wa Mau Mau. Mauaji ya kwanza yalipewa jina na picha zikasambazwa duniani. Ya pili hayakupewa jina lolote. Kama ugaidi ni kuua raia ili wengine waogope, Lari uliingia mara mbili, na mara moja ulikuwa umevaa sare.

Tamthilia haikusimama Lari. Inaona barabara uongo wa neno gaidi, kisha inaligeuza lilivyo, kama shilingi, upande wa pili ukae juu. Shujaa naye haulizwi.

Isipokuwa mara moja. Msituni, Kimathi anakaa kama hakimu mbele ya wasaliti, na miongoni mwao yumo ndugu yake. Anasita. Huruma yake inakuja kumgharimu, na waandishi wanaharaka ya kutuonyesha kwamba alikosea kusita. Mimi sina hakika. Hapo tu ndipo namwona mtu anayejua kwamba kuua kwa ajili ya haki bado ni kuua, na kwamba aliyefungwa kamba mbele yake ana jina na mama.

Laiti ningekuwa mwongozaji, ningeiacha taa iwake hapo kwa muda mrefu, hata kama ingenibidi kuufupisha wimbo wa mwisho.