Gitaa Linalia, Kompyuta Haioni

Mashine yenyewe ni ya kukanyaga, zile zinazobeba efekti zote za gitaa ndani ya kasha moja, kuanzia mwangwi hadi mkwaruzo. Ilifika mezani na lalamiko fupi: "Fundi, USB imekufa." Kwenye spika ilikuwa inalia vizuri, kanyagio zote zinaitika, taa zinawaka. Ikichomekwa kwenye kompyuta ili kurekodi, Windows inadai kifaa hakitambuliki. Mwenyewe alikuwa ameshaifuta draiva na kuiweka upya, na kuna aliyemshauri abadilishe programu ya ndani ya mashine.

Ushauri huo wa mwisho ungemponza. Ukibadilisha programu ya ndani kupitia waya unaokatakata, kazi ikakwama njiani, mashine yenye tatizo dogo inaweza isiwake tena kabisa. Suala la draiva halina madhara, ila lilikuja kabla ya zamu yake, na kuona kwa nini, lazima tufuate kinachotokea tangu plagi inapoingia.

USB 2.0, kiwango kilichotoka mwaka 2000, kinatumia nyaya nne. Mwekundu ni wa volti 5, mweusi ni wa ardhi, mweupe na wa kijani ni za data: mweupe ni D−, kijani ni D+. Kifaa kikichomekwa hakianzi kwa kuzungumza. Kinainua waya mmoja wa data hadi karibu volti 3.3 kupitia rezista ya kilo-omu 1.5. Upande wa kompyuta nyaya zote mbili zimeshikiliwa chini na rezista za kilo-omu 15, kwa hiyo mmoja ukipanda, kompyuta inajua kuna mgeni mlangoni. Ukipanda D+, mgeni anahesabiwa kuwa wa megabiti 12 kwa sekunde, na kama anaweza kasi kubwa zaidi wataelewana baadaye. Ukipanda D−, ni wa mwendo mdogo wa megabiti 1.5, ambao kibodi na mausi nyingi huutumia.

Hapo ndipo kompyuta inapouliza: wewe ni nani? Jibu linakuja na namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kwa mfano, Roland, ambao ndio wenye Boss, hutumia 0582. Namba hizo zikishapokelewa ndipo kompyuta inapotafuta draiva inayozifaa. Kama mgeni hajajitambulisha, draiva haijaitwa bado, na kuifuta na kuirudisha ni kumfokea mtu ambaye hajafika kazini.

Kwa sababu hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye mashine huwa moja: ukichomeka, kompyuta inakaa kimya au inalalamika? Watu wengi huona yote mawili ni "haifanyi kazi". Kwangu ni njia mbili zisizokutana.

Kimya kabisa maana yake hakuna waya wa data uliopanda. Anza na kebo. Soketi ndogo zinazofanana na za simu zina balaa lake, kwa kuwa kuna kebo nyingi za kuchajia tu ambazo ndani hazina nyaya za data. Taa ya kuchaji inawaka, data haipiti. Soketi kubwa ya mraba, ile ya printa, haina sana shida hiyo. Kebo ikiwa nzima, angalia volti 5. Hapa wengi hujichanganya: mashine ina adapta yake ya volti 9, inawaka bila kompyuta, sasa volti 5 za nini? Za kujulisha tu. Kanuni ya USB inakataza mashine yenye umeme wake kuinua D+ kabla haijaona volti 5 kutoka upande wa pili. Mguu wa volti 5 ukikatika, mashine inaendelea kuwaka na kulia huku haijui kabisa kuwa imechomekwa.

Yetu ililalamika. Device Manager ya Windows ilitoa kosa namba 43, yaani kompyuta iliomba maelezo ya kifaa ikayakosa. Kwenye Linux, ambako mimi hupenda kuhamia kwa sababu haifichi mambo, amri ya dmesg ilionyesha kifaa kipya cha kasi ya megabiti 12, kisha jaribio la kusoma maelezo likifuatiwa na kosa −71, tena na tena, hadi kompyuta ikakata tamaa. Namba hiyo ni ya mazungumzo yaliyoharibika. Mgeni asipojibu hadi muda ukaisha ungeona −110.

Mistari hiyo michache inamaliza nusu ya kazi kabla hujashika bisibisi. Kompyuta imemwona mgeni, basi D+ imefika. Mashine imeinua D+, basi volti 5 zimeonekana. Kasi iliyotajwa ni sahihi, basi hakuna aliyewahi kulehemu soketi na kuzipishanisha nyaya za data. Zikipishana, mashine kubwa kama hii hutangazwa kuwa kifaa cha mwendo mdogo, na ukiona hivyo huna haja ya kutafuta zaidi. Anayebaki kushukiwa ni D−. Waya huo ukikatika, kompyuta bado itaona D+ iko juu na itadhani kuna kifaa kizima, ila kila neno linalotumwa linahitaji nyaya zote mbili.

Kupima miguu ya soketi ya mraba moja kwa moja kunasumbua, na ncha ya mita ikiteleza unaweza kugusisha miguu miwili. Njia ninayoipenda ni kuchukua kebo ya printa isiyo na kazi, kukata upande unaoingia kwenye kompyuta na kuchuna nyaya nne. Ukiichomeka kwenye mashine, unapima kupitia soketi yenyewe, hivyo migusano yake ya ndani nayo inaingia kwenye kipimo. Mashine izimwe, na adapta na nyaya zote za sauti zichomolewe. Mita iwe kwenye alama ya diodi, ncha nyekundu kwenye waya mweusi, ncha nyeusi kwenye kijani, halafu kwenye mweupe. Unachotafuta ni kufanana. Saketi nzima hutoa usomaji unaokaribiana kwenye nyaya zote mbili, mara nyingi nusu volti na ushei. Karibu sifuri kwenye mmoja inaelekeza kwenye diodi ya kinga iliyoungua. Mita ikionyesha njia imekatika, waya huo haufiki kwenye chipu.

Kijani kilisoma vizuri. Mweupe ulionyesha umekatika, kisha nilipobana plagi kuelekea juu kidogo, ukasoma sawasawa na mwenzake. Nilipoiachia, ukakatika tena. Chipu nzima, diodi ya kinga nzima, kasoro iko kwenye soketi.

Kasha lilipofunguliwa na bodi kugeuzwa chini ya lenzi, mguu wa D− ulikuwa na ufa mwembamba wa duara kwenye risasi, kama nywele iliyozungushwa. Masikio mawili makubwa ya soketi, ambayo ndiyo yanayopaswa kubeba nguvu za kebo, yalikuwa yameachia bodi kabla yake. Mashine inakaa sakafuni, kebo inakanyagwa na kuvutwa. Masikio yakilegea, mzigo wote unahamia kwenye miguu minne myembamba. Ukilehemu mguu mmoja na kuyaacha masikio, mashine itarudi mezani kwako. Toa risasi ya zamani yote, weka flaksi, anza na masikio soketi ikiwa imekaa sawa, kisha miguu yote minne, hata mitatu inayoonekana mizima.

Soketi ikishalehemewa, mashine kutambuliwa na kompyuta hakutoshi kusema imepona. Data ya kuhariri sauti ikiharibika njiani hutumwa upya, na mtumiaji hajui kitu. Sauti inayorekodiwa haitumwi upya: pakiti iliyopotea imepotea, na unasikia "tik". Ndiyo maana kuna mashine ambazo programu ya kuhariri inazifungua bila shida huku rekodi zake zimejaa mikwaruzo. Mvumo unaoingia kompyuta ikiwa kwenye chaja na kutoweka chaja ikichomolewa usiuhesabu hapa. Huo ni mzunguko wa ardhi.

Jaribio la mwisho, basi, ni kurekodi gitaa likiwa kimya kwa dakika kadhaa huku mkono ukiitikisa kebo taratibu pande zote, kisha kuikuza rekodi kwenye skrini na kuipitia. Mstari ulikuwa bapa mwanzo hadi mwisho. Mwenye mashine alipoijia, niliifunga kebo kwa mkanda kwenye ubao wa kanyagio, ikiwa na kitanzi kidogo cha ziada karibu na soketi.